Zamu ya Bwana Kimya

Kisiwani, Juni 3

Mpwa wangu mpendwa,

Umenipigia simu mara mbili kuniuliza zamu za boti zinakwendaje hapa gatini, na mara zote mbili umenikatiza kabla sijafika katikati. Kwa hiyo nakuandikia. Karatasi ina adabu, inamsubiri mtu amalize.

Nianze na visiwa vyenyewe, maana kampuni yako inaviuza kwa picha, na picha haisemi kila kitu. Mgeni akivitazama kutoka angani anaviona vimelala karibu karibu kama watoto waliolazwa kitanda kimoja, na maji kati yao yanabadilika rangi, kijani, samawati, penginepo karibu meupe. Mgeni anazipiga picha rangi hizo. Sisi tunazitumia kama alama za barabarani. Penye weupe mchanga uko juu na boti itakwama. Penye samawati iliyoiva pana mkondo, na ule unaopita kati ya kisiwa cha ndege na kisiwa cha mapango unakwenda kama mtu aliyechelewa basi.

Sasa zamu. Kwenye ukuta wa kibanda changu pana safu ya misumari, na kila boti ina kibao chake chenye rangi yake. Mgeni akifika anapanda boti ya kibao cha kwanza, awe ameipenda sura ya mwenye boti au hakuipenda. Boti ikitoka, kibao chake kinahamia mkiani. Aliye wa kwanza haondoki gatini mpaka zamu yake ipite. Haendi kunywa chai, haendi kunyoa, anakaa na tangi lake limejaa mafuta. Hapa hakuna anayechagua wala anayechaguliwa.

Nilipostaafu ualimu walinipa mimi kazi ya kuhamisha vibao kwa sababu sina boti, na asiye na boti hana wa kumpendelea. Aliyepinga ni mmoja tu, shemeji yangu, yaani baba yako. Alisema, "Mwalimu atatuchelewesha kwa maelezo." Nadhani hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyosema mwaka ule.

Mjomba wako

*

Mjini, Juni 17

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeisoma ofisini. Mwenzangu wa meza ya jirani aliniona natabasamu, akadhani ni ya mchumba. Nikamwambia, "Hapana, ni ya mjomba wangu, inahusu misumari."

Nakuomba usinikasirikie. Zamu ni nzuri kwenu nyinyi, lakini wageni wanalalamika. Mtu ametoka mbali, ana siku moja tu ya kuona visiwa, halafu anakabidhiwa dereva asiyefungua mdomo tangu kuondoka hadi kurudi. (Najua unamfikiria nani. Na mimi namfikiria huyo huyo.) Kuanzia mwezi ujao mgeni atachagua boti mwenyewe kwenye simu. Ataiona picha ya mwenye boti, nyota alizopewa na wageni waliotangulia, na maoni yao. Vibao vyenu hatuvigusi. Vitabaki kwa wale watakaofika bila kuchagua.

Huu mpango ni wangu, Mjomba. Nimeuandika mimi tangu mwanzo, na bosi alisimama mbele ya watu wote akasema, "Kuanzia leo visiwa vile ni vyako." Wewe unajua nimekaa miaka mingapi hapa nikiandaa mikutano ya watu wengine.

Baba tayari yumo kwenye programu. Picha yake ilipigwa na kijana wetu aliyekuja huko, na amekaa kama mtu aliyepelekwa kituoni kutoa maelezo. Nasikia aliambiwa atabasamu, akauliza, "Kwa nini?"

Nitampigia kila Jumapili nijue kazi inakwendaje. Nibusie watoto wa jirani.

Mpwa wako

*

Kisiwani, Agosti 9

Mpwa wangu,

Umeniuliza mpango wako unakwendaje. Wageni wapo tele, na wote wanashuka kwenye meli simu mkononi wakiita jina la mtu ambaye hawajawahi kumwona. Redio ndiye anayeitwa zaidi. Unamkumbuka, yule kijana mrefu ambaye watu walimpa jina hilo kwa sababu hakuna pa kumzimia. Amejifunza kucheka kwa lugha nne. Anawaambia wageni kwamba pango kubwa lilichimbwa na jitu lililokosana na mkewe, na mimi, niliyewafundisha watoto wa hapa jinsi maji yanavyokula mwamba polepole, nakaa kibandani nauma meno. Jitu linawaingia wageni kuliko somo langu.

Hoteli mpya imemaliza bustani yake. Meneja anatafuta boti kuukuu aziweke pembeni mwa njia, azijaze udongo, apande maua. Wenye boti wawili wameshampa zao. Wageni wanazipenda sana, wanapiga picha wakiwa wamekaa ndani, mmoja amejifanya anashika usukani na maua yamemfika kifuani.

Baba yako hajambo. Kifua hakijamsumbua tena. Yuko gatini kila siku, toka asubuhi hadi jioni.

Juzi mgeni mmoja aliniuliza visiwa hivi vilitoka wapi. Nilipofika kwenye kuinuka kwa matumbawe, boti yake ikamwita. Nina nusu ya somo imebaki, akirudi nitammalizia.

Mjomba wako

*

Mjini, Septemba 1

Shikamoo Mjomba,

Leo sina utani.

Kila Jumatatu nasoma maoni ya wageni. Leo nimekuta ya familia moja iliyompa Redio nyota zote tano. Nayanakili hapa kama yalivyo:

"Injini ilizimika na boti ikaanza kuchukuliwa na mkondo. Tuliogopa sana, lakini dereva wetu alituchekesha mpaka msaada ukafika. Mzee aliyekuja kutuvuta hakusema neno hata moja. Alimvua binti yetu koti lililolowa, akamvika la kwake, akatugeuzia mgongo akaendelea na kamba."

Mjomba, mimi nimewahi kuvikwa koti hilo. Nilivikwa hivyo hivyo, bila neno, halafu nikageuziwa mgongo.

Nikafungua ukurasa wa Baba. Hauna kitu. Hauna nyota moja, hata mbaya, hauna neno. Tangu tuanze hakuna mtu hata mmoja aliyemchagua. Na mimi kila Jumapili namuuliza, "Baba, kazi ipo?" ananijibu, "Nipo kazini." Nikaitafuta barua yako: "Yuko gatini kila siku, toka asubuhi hadi jioni." Ulikaa ukayachagua maneno hayo, Mjomba. Wewe unayeeleza mpaka mtu anasinzia, hapo ulieleza kidogo.

Alikuwa anafanya nini gatini siku zote hizo bila mgeni? Na kama hana kazi, kwa nini alikuwa ndani ya boti, na mafuta tele, siku ile Redio alipozimikiwa na injini?

Mpwa wako

*

Kisiwani, Septemba 8

Mpwa wangu,

Una haki ya kuwa mkali. Niliyachagua maneno yale. Baba yako aliniambia, "Ukimwambia ataacha kazi arudi," nikamwona ana hoja, nikafunga mdomo. Sasa naufungua.

Siku ya kwanza ya mpango wako kibao chake kilikuwa kwenye msumari wa kwanza. Mgeni asiyechagua kwenye simu hakuja. Siku ya pili bado kilikuwa pale pale. Kanuni unaijua: aliye wa kwanza haondoki mpaka zamu yake ipite. Wengine wasiochaguliwa waliona haina maana, wakaenda zao, huyu kupaka nyumba rangi, yule kwa dada yake ng'ambo. Baba yako zamu yake haikupita, kwa hiyo hakuondoka. Kila asubuhi alikuja, akafuta viti, akapima mafuta, akakaa. Vijana walianza kumtania. "Bwana Kimya, unasubiri meli ya mwaka gani?" Aliendelea kukunja kamba. Mimi nilimwambia, "Shemeji, nenda basi ukapumzike, mtu akija nitakuita." Akaniuliza, "Kanuni imebadilika?" Nikasema hapana. "Basi."

Ndipo Redio alipopiga simu kibandani. Kwa mara ya kwanza nilisikia Redio akiongea kwa mkato. Nilitoka nje kutazama nani yupo, na hapo, mpwa wangu, nilielewa jambo ambalo nimelisimamia tangu nistaafu bila kulielewa. Mimi nilidhani tunamweka mmoja gatini kwa ajili ya mgeni ajaye. Kumbe kwa utaratibu ule, wakati wowote boti zikiwa majini, lazima iwepo moja gatini, imejaa mafuta, na mtu wake yuko ndani. Hakuna aliyewahi kulisema, hata waliotupangia zamu hawakulisema. Mpango wako haukuligusa kwa sababu sisi wenyewe hatukujua kwamba lipo. Siku ile boti zote nzuri zilikuwa mbali, zimechaguliwa. Gatini alikuwa mmoja, yule asiyechaguliwa.

Alikwenda, akawavuta, akarudi, akaanika kamba. Redio alimshika mkono akashindwa kuongea. Watu walikuja kutazama kitu hicho.

Sasa lililobaki, na ndilo lililonifanya nichelewe kulala nikiwaza jinsi ya kuliandika. Kesho yake meneja wa hoteli alikuja kuiangalia boti ya baba yako. Alisema ina umbo zuri kwa maua. Baba yako amemkubalia. Mwisho wa Oktoba watakuja na gari kuichukua. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Mtu hawezi kungoja ajali ndiyo iwe kazi yake."

Sikuombi ufanye lolote. Nimekueleza tu.

Mjomba wako

*

Mjini, Septemba 12

Mjomba,

Usimruhusu aitoe. Kuna jambo nimelifanya, na wiki hii au ijayo atapata wageni. Usiniulize ni jambo gani. Mwambie tu awe tayari.

Mpwa wako

*

Kisiwani, Septemba 28

Mpwa wangu,

Walikuja. Vijana wanne, wanacheka tangu kwenye ngazi ya meli, wakauliza kwa sauti, "Yuko wapi Bwana Kimya?" Baba yako alisimama. Sijamwona akisimama haraka namna ile tangu siku ya harusi ya marehemu dada yangu. Alikuwa amenyoa. Alinyoosha mkono kumsaidia binti mmoja kushuka, nikasema moyoni, mpwa wangu amefanya la maana.

Kabla hawajaondoka, kijana mmoja alinyanyua simu akaielekeza usoni kwa baba yako. "Haya mzee, tuanzie na kile kichekesho cha pango!"

Baba yako akanitazama mimi. Mimi nikatazama misumari.

Walirudi mapema. Hawakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. Yule binti alimwambia rafiki yake taratibu, akidhani mzee hasikii, "Tumwache, labda leo anaumwa." Akamfungia vizuri kitambaa kilichoning'inia kwenye kiti, kama mtu anayemfunika mgonjwa.

Walipoondoka baba yako aliingia kibandani. "Kuna kitu wameandikiwa kwenye simu. Nisomee."

Nikafungua simu. Nikamsomea: "Kwa kweli kabisa, huyu ndiye mcheshi kuliko wote visiwani! Alituvunja mbavu kutwa nzima, akatuimbia, akatusimulia hadithi ya kila pango." Na mengine mawili ya namna hiyo.

"Huyo si mimi," akasema. "Huyo ni Redio."

"Labda wamekosea ukurasa," nikasema.

"Nani ameandika?"

"Sijui."

"Unajua, Mwalimu."

Ndiyo, najua. Nimesahihisha insha zako tangu penseli ilikuwa inakutoka mkononi, na "kwa kweli kabisa" yako nimeipiga mstari mwekundu mara nyingi. Akakaa kwenye benchi, akaviangalia viatu vyake, kisha akasema neno ambalo sitalisahau: "Kumbe mwanangu angependa baba yake awe huyo. Redio."

Alikwenda ukutani, akakishusha kibao chake, akakitia mfukoni. Tangu siku hiyo hajaja. Yuko nyumbani anaziba nyufa za boti na kuisugua, maana anasema hawezi kuwapa watu kitu kichafu hata kama watakijaza udongo.

Msumari wa kwanza uko wazi. Nimeshindwa kukisogeza kibao kingine pale. Juzi boti tano zilitoka, nikasimama nje ya kibanda nikazitazama mpaka zikarudi zote. Nina umri huu, lakini siku ile ndiyo nilijua maana ya kutazama maji.

Sina la kukufundisha. Mwandikie yeye. Usimpigie simu, kwenye simu atakujibu "Nipo," basi.

Mjomba wako

*

Mjini, Oktoba 3

Baba, shikamoo.

Ni mimi niliyeandika. Yote matatu. Nimeyafuta.

Nilikuwa nimekaa ofisini nikaona ukurasa wako mtupu katikati ya kurasa za watu wenye nyota, nikaona aibu. Nimejiuliza siku zote hizi ilikuwa aibu ya nani. Nilitaka kusema ni ya kukuonea huruma. Si kweli. Niliona aibu kwamba mpango niliousifu mbele ya watu haukuwa na pa kumweka baba yangu. Badala ya kuubadilisha mpango nikakubadilisha wewe.

Nimemweleza bosi nilichofanya. Nimemweleza pia habari ya boti ya kukaa gatini, jinsi Mjomba alivyoieleza, nikamwomba kila siku tumzuie mmoja asichaguliwe. Alinisikiliza. Akasema mgeni akimkosa aliyemchagua atakasirika, na kwamba mtu anayejiandikia maoni ya uongo hana sauti kwenye jambo hili. Visiwa amempa mwenzangu wa meza ya jirani. Mimi nimerudi kwenye mikutano.

Sikuandikii ili uniambie si kitu. Ni kitu. Na sikuombi usiitoe boti. Boti ni yako. Nimetaka tu usikie kwangu, si kwa mtu mwingine, kwamba Redio sijawahi kutamani awe baba yangu, hata dakika moja.

Mwanao

*

Kisiwani, Oktoba 15

Mwanangu,

Barua yako imefika. Mwalimu alitaka anisaidie kujibu nikamkatalia. Ingejaa matumbawe.

Wiki iliyopita Redio alikuja nyumbani na wenzake. Nilikuwa chini ya boti nimelala chali, nina lami mkononi. Akasema, "Mzee, leo nimewashusha wageni wangu. Nimewaambia sitoki mpaka nijue nani amebaki." Nikamuuliza, na wageni wakasemaje? Akasema walinuna. Mmoja ameshamwandikia maoni mabaya. Alikuwa hacheki.

Nilitoka chini ya boti. Tukaongea. Waliongea wao zaidi.

Tumekubaliana hivi. Boti haitoki kama hakuna iliyokaa gatini. Kukaa ni kwa zamu, na hata aliyechaguliwa na watu mia, zamu ikimfikia anakaa. Wageni wake wanapanda boti inayofuata kwenye ukuta. Asiyetaka atarudishiwa chake na kampuni. Huyo mwenzako wa meza ya jirani amepiga simu analalamika. Redio ndiye aliyempokea. Mpaka mwenzako alipokata simu, nadhani alikuwa amechoka.

Jumatatu Redio alikaa. Ilimtesa sana. Kila baada ya muda alikuwa anasimama anamsimulia Mwalimu jambo, na Mwalimu naye anamsimulia lake. Mimi nikapewa wageni wake, mume na mke, watu wazima. Nikawaambia mapema, mimi siongei. Mke akasema hata huyu wangu haongei. Tukaenda. Hakuna aliyesema kitu mpaka kisiwa cha ndege. Huko yule mume akaninyooshea kidole ndege mmoja, nikaitikia kwa kichwa kwamba nimemwona. Tukarudi. Walinishika mkono kwa muda mrefu.

Meneja wa hoteli nimemwambia boti siitoi. Amesema nimemvunjia mpango wa bustani. Nimemwambia maua yanaota hata chini.

Mwalimu anasema kurudi kwenye mikutano maana yake umeshushwa kazini kwa sababu ya maneno uliyoandika kwenye ukurasa wangu. Sijafurahi kushushwa kwako. Nimefurahi kwamba ulikwenda ukayasema mwenyewe.

Lakini nikwambie jambo moja, maana limenikaa. Yale maneno nilimwambia Mwalimu ayasome mara ya pili. Nilikuwa namtafuta mtu ninayemjua humo ndani, sikumpata. Hayakuniuma kwa kuwa ya uongo. Yaliniuma kwa kuwa wewe umekaa mbele kwenye boti yangu tangu hujui kutembea, na ulipotakiwa useme habari zangu ukaenda kuazima za mtu mwingine.

Ungeandika tu: huyu hasemi, lakini atakurudisha. Ningekubali.

Baba yako